Kura Yangu Iko Mkononi Mwako

Baba Neema,

Ujumbe wako ulioacha kwenye simu nimeusikiliza mara nne. "Ni mimi. Kadi yako ya wakala imefika hapa kwangu. Uchaguzi ni wiki mbili zijazo. Niambie kura yako nimpe nani." Basi. Hukuuliza habari za kazi, hukuuliza kama bega langu limepona. Sauti ni ile ile unayozungumza nayo na watu wa benki.

Ningeweza kukupigia. Kadi ya simu ninayo, tena ina dakika za kutosha kugombana, na hilo ndilo ninalolikimbia. Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, Neema yuko kwa jirani, na mimi tangu nikae hapa mezani nimeinuka mara sijui ngapi. Nimeshuka chini kuhamisha nguo kwenye mashine. Nimefuta jiko ambalo halikuwa chafu. Barua ya ndege inachukua siku tano au sita kukufikia, kwa hiyo lazima niimalize leo.

Hapa Hyattsville sina wa kuongea naye mambo haya. Kazini, kule nyumba ya wazee, nilijaribu kumweleza Mama Furaha, yule mwenzangu wa Bukavu niliyekutajia. Nikamwambia nina pasi ya Uingereza, kwamba sheria yao inaniruhusu kupiga kura hata nikiwa Amerika, ila ni lazima nimtaje mtu wa kwenda kituoni kwa niaba yangu, na kwamba nilimtaja mume wangu kabla hatujaachana. Akaacha kula.

"Na hukubadirisha jina?"

"Sikubadilisha."

"Sasa iko na shida gani? Umuambie tu."

Nikamweleza kwamba wewe una chama chako tangu ujana, na mimi nataka kura yangu iende chama kingine, si kwa kuwa nakipenda, bali kwa kuwa ndicho pekee kinachoweza kumng'oa mbunge aliyeko. Alinitazama kana kwamba nalalamika chakula ni kingi. "Kwetu walikuwa wanatupatia karte mbili, dada. Ya kijani ni ndiyo, ya nyekundu ni hapana. Na askari anasimama pale, anaangalia mukono yako. Weye uko na watu watatu na unakosa usingizi?"

Nilicheka, lakini usingizi kweli nimekosa.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza huko Uingereza, katika ule mji wa viwanda vya viatu? Hatukuwa na pazia, tulitundika kanga zangu dirishani, na tayari wewe ulikuwa umejiandikisha chamani. Kila Jumamosi ulinitoa nje kugawa vipeperushi. Mvua ile nyembamba isiyoisha, mimi na buti zako zilizonipwaya, tukipiga hodi mlango kwa mlango. Mbwa mmoja alikipokea kipeperushi kwa meno kabla hakijaingia ndani, ukasema huyo angalau amekisoma. Walikuwepo waliotufungia mlango usoni. Yule bibi wa nyumba ya pembeni akatuingiza, akatupa chai, akakwambia mumewe marehemu alikuwa chama hicho hicho maisha yake yote, na chama hakikuwahi kushinda hata mara moja katika jimbo lile. Ulitoka pale umefurahi kana kwamba umepewa cheo. Mimi nilijiuliza, kimoyomoyo, mtu anafurahi vipi kuwa wa tatu miaka yote.

Ulinieleza tukirudi. Ulisema kiwanda kilipotaka kukufukuza, ni watu wa chama hicho waliokaa nawe katika kile chumba cha meneja, si wengine. Kura kwako haikuwa ya kushinda tu. "Tukianza kupiga kura kwa hesabu," ulisema, "hesabu haiishi. Kila mtu atamkimbilia wa pili ili amwangushe wa kwanza, na sisi hakuna atakayejua kwamba tulikuwepo." Wiki hii maneno hayo nimeyapima tena na tena.

Lakini ndipo ikaja habari ya mama yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikataka aje kutoka Wundanyi anikande, amwogeshe mtoto, akae nami siku arobaini kama alivyokaa na dada zangu. Ubalozi ukamnyima viza. Wewe ndiye uliyesema tumwendee mbunge wetu, kwamba kazi ya mbunge ni kuwasemea hata wasiompigia kura. Tulikwenda ofisini kwake Ijumaa, mimi nimevaa gauni langu la harusi ya dada yangu Wakesho lililoachiwa mishono, na yule bwana akatusikiliza akiangalia saa ya ukutani. Jibu lake lilikuja baada ya Neema kuzaliwa. Mistari miwili. Hakuona sababu ya kuingilia. Mwaka uliofuata mama akafariki, na mjukuu wake alimjua kwa picha.

Ile barua ninayo. Nimevuka nayo bahari nzima, iko kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa cha Neema.

Uchaguzi ulipofika nikakwambia mapema, jikoni, kwamba safari hii nampigia yule mwalimu mstaafu wa chama cha katikati. Wewe mwenyewe ulijua hesabu: wa kwenu hakuwa na njia ya kushinda, mwalimu alikuwa nayo. Nikakuomba na wewe ufanye hivyo, mara moja tu, kwa ajili ya mama. Ukasema ungefanya lolote kwa ajili ya mama isipokuwa kusema uongo kwenye karatasi ile. Nilikuchukia siku hiyo. Nasema nilikuchukia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mbunge akarudi bungeni kwa tofauti ya kura chache kuliko watu waliokula pilau kwenye harusi yetu. Tukaisikia redioni, nikiwa nasuka nywele za Neema, na nikakwambia: "Haya, furahi na usafi wako." Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kupoa. Ulinisema kwamba nilikiuza chama chako mbele ya rafiki zako, nami nikakusema kwamba ulimuuza mama yangu kwa ajili ya lile ua la utepe la chama unalovaa kifuani. Nilipopata kazi huku Maryland, ulibaki kumalizia kazi za tawi, ukasema utakuja baada ya mwaka. Tunajua ilivyokwenda.

Sasa uchaguzi ni huu tena, mbunge ni yule yule na mwalimu ni yule yule, mzee zaidi. Dada yako ameniambia kote nchini chama chako kinaelekea kushinda, na kwamba mnatembea vifua mbele. Namwelewa anayesema safari hii tusihesabu, tumpigie wetu, maana upepo umegeuka. Nimelizungusha hilo kichwani nikiwasukuma wazee kwenye viti vyao vya magurudumu, nikampa mmoja chai ya mwenzake. Labda kweli wa kwenu atatoka wa tatu awe wa kwanza. Labda mimi ndiye nitakayemwokoa yule mbunge kwa kumgawia mwalimu kura. Nabadili mawazo asubuhi, nayarudisha mchana.

Neema ameona sina raha. Nilimweleza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza chake cha hapa, kwamba jambo ni rahisi: Daddy anaweza kuandika anachotaka na mimi sitajua kamwe. Ana miaka tisa na ameliona lililonichukua wiki nzima kulikubali. Ni kweli. Utaingia kibandani peke yako na karatasi mbili za siku moja, yako na yangu, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Fomu ya kubadilisha wakala ninayo. Niliiomba tangu Januari. Dada yako angekubali kusimama badala yako, nilimuuliza. Nikaijaza yote ila sahihi, nikaiacha hadi tarehe ikapita, nikajidanganya kwamba nimesahau.

Sikusahau. Nisikilize, maana jambo hili ndilo lililoninyanyua kitini mara zote hizo.

Siku ile ya uchaguzi uliopita, ulikuwa umekaa mlangoni pa ukumbi wa shule, na ua lako jekundu kifuani, ukiandika namba za watu wanaoingia ili chama kijue nani amekwisha kupiga kura, kama walivyofanya wenzako wa vyama vingine. Kulikuwa na baridi. Ulikuwa umemfunika Neema kwa koti lako mapajani, na wewe mwenyewe midomo imekuwa ya kijivu. Nilipopita ukaniuliza namba yangu kwa heshima kama mgeni, halafu ukacheka. Nikaingia kibandani. Penseli imefungwa kwa uzi. Nikaliona jina la mwalimu, nikaliona la wenu. Nikaweka alama kwa wenu.

Nilikupigia wewe, Baba Neema. Mama yangu kaburini, barua ya mistari miwili kwenye mkoba wangu, na mimi nikakupigia wewe kwa sababu ulikuwa unatetemeka pale nje. Nilipotoka nikaona aibu kubwa sana mbele ya mama hata nikakwambia usoni kwamba nimempa mwalimu. Miaka yote hii nimekulaumu kwa kura niliyoipiga mimi. Hukunitendea lile kosa. Nisamehe.

Mpe mwalimu. Kura yako mpe wa kwenu, sikuombi tena uibadili. Yangu mpe mwalimu, weka alama pole pole, kwa sababu mimi nilikuwa na nafasi hiyo na mkono wangu ulikataa, na hakuna mwingine ninayemwamini aingie mle na jina langu.

Aliyekudanganya, na aliyekupenda siku hiyo hiyo,

Mama Neema