Miche ya Nyanya Zako, Mama

Mama,

Ninakuandikia nikiwa nimeketi nyuma ya jiko, pale jua la asubuhi linapofika kwanza. Maharage yamevunwa, mvua imerudi, na hapa Kirolirwe ng'ombe wanashuka tena malishoni. Mwanao, mume wangu, ni mzima. Lakini kuna jambo ambalo sikukuambia siku zile nilipokuja kufyeka kaburini kwako, nami nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka nilivyoolewa hapa, mtoto wa wachuuzi wa Hombo, najua kupima chumvi lakini sijui kushika jembe. Hukunicheka. Ulinipa tawi lenye majani la kunyunyizia kitalu, na nilipozidisha maji ulisema, "Mbegu haiko samaki, mwanangu." Mimi nilicheka. Sikujifunza.

Ulipotuacha nilikuta chupa yako ya mbegu za nyanya darini, zimechanganywa na majivu. Niliogopa zitazeeka, nikazipanda zote mara moja. Siku ya saba zikaota. Furaha ile, Mama... nikazimwagilia asubuhi, mchana na jioni, katika ukungu huu wa milimani. Zikawa nyembamba shingoni, zikalala moja moja. Haukubaki hata mche mmoja.

Mwanao alisimama juu ya kitalu, akasema polepole, "Sasa Mama amekufa mara ya pili." Akaenda shambani. Hakulirudia neno hilo, lakini mimi nilikaa nalo siku nyingi.

Nilikuwa nimesikia kwamba jirani yetu Mama Neema bado ana nyanya za mbegu yako. Unajua kwa nini nilisita. Tangu mbuzi wake alipomaliza kabeji zako, hamkusalimiana tena, hata kanisani mlikaa pande mbili. Siku ya maziko alisimama nyuma ya watu wote.

Nilienda. Nikamweleza yote nikiwa mlangoni. Akasema, "Hizi mbegu ni yeye alinipa, kabla tukosane. Kosa ilikuwa ya mbuzi yangu. Mimi nilishindwa tu kumuambia pole." Akafunga mbegu katika karatasi, akanifuata hadi hapa nyumbani.

Alipiga magoti kwenye udongo wako. Akanionyesha kuulainisha kwa vidole, kuchora mistari, kufunika kwa nyasi kavu. Kila asubuhi alikuja kugusa kitalu kabla sijashika maji. "Udongo iko na maji bado," aliniambia, "leo unaacha." Nami niliacha, ingawa mikono iliniwasha.

Miche ilipopata majani manne tuliihamisha. Mwanao alichimba mashimo mwenyewe. Alipomaliza alinawa mikono, akasimama karibu nami. "Lile neno nililosema siku ile," akasema, "unisamehe." Nikamwambia limekwisha. Na kweli limekwisha, Mama.

Mama Neema alikuwa ameotesha pia yale maua ya rangi ya machungwa uliyokuwa ukipanda kando ya mboga. Aliyabeba katika kopo mpaka kaburini kwako. Nilitaka kumsaidia kuchimba, akakataa. Aliyapanda peke yake, huku akikuambia maneno kwa sauti ya chini. Niligeuka nikatazama vilima, kwa sababu hayo yalikuwa yenu wawili. Alikaa sana. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umelowa, lakini alitembea kama mtu aliyetua mzigo.

Pumzika, Mama. Sisi tupo. Nyanya zikiiva, zile nzuri kuliko zote hatutazila. Nitakausha mbegu zake na kuzigawa mafungu mawili: moja libaki kwangu, moja litunzwe kwa Mama Neema. Nikikosea mimi, yeye atakuwa nazo. Akikosea yeye, nitavuka njia nimpelekee.

Ni mimi, Furaha, mke wa mwanao.