Kofia Yako Mezani Lamadi

Malimi, rafiki yangu,

Mwangaluka. Najua huko uliko hakuna tena asubuhi wala jioni, lakini mkono umezoea kuanza hivyo.

Mahindi tumevuna, si haba. Pamba sasa wananunua watu binafsi, kila mmoja na gari lake na mzani wake, na lile ghala la ushirika ulilokuwa karani wake limebaki la popo na sisi wacheza karata. Meza yako ipo palepale.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Lamadi.

Tulipokuzika, nilizifunga karata kwenye kitambaa chako, nikaziweka juu ya kabati. Nikajisemea, basi, imetosha. Kisha Lamadi wakatuma neno: sisi wa Zagayu tusipoleta wachezaji wawili kwenye mashindano ya mwaka huu, kiti chetu wanapewa watu wa Mwamapalala. Kiti kile, Malimi! Niliona nikikiachia nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nikazunguka kijiji mji kwa mji nikitafuta mwenza. Unajua walinijibu nini? "Mzee Zakaria, tunakupenda, lakini uso wako unasoma karata kwa sauti." Mzee mwenzangu wa kanisa alicheka mpaka akashika ukuta.

Ni kweli. Nikipata turufu, ile rangi inayoua nyingine zote, meno yote nje. Nikikosa, mdomo unaanguka kama wa ndama aliyeachishwa ziwa. Ndiyo maana ulinifundisha nisitazame. "Zishike kama kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Zamu yako ikifika, fungua, toa moja, funga." Nilipokuuliza kama huko si kudanganya watu, ulisema, "Zakaria, kuficha si kusema uongo. Ukizionyesha, mchezo uko wapi?" Tulishinda hivyo miaka miwili. Mwaka wa tatu Lamadi wakagundua. Kila nikifungua, wananikodolea macho yote manne. Tukapigwa. Nawe ukacheka njia nzima ya kurudi, na hiyo ndiyo ikawa safari yetu ya mwisho.

Aliyekubali kucheza nami ni shemeji. Ndiyo, Nkwimba mkeo, ambaye tangu msiba alikuwa hatoki ila kisimani na kanisani. Alikuja na sahani ya michembe ya viazi vikavu, akasema, "Shemeji, miaka yote mlifanyia mazoezi sebuleni kwangu. Mlidhani naosha vyombo tu?" Nikamweleza habari ya uso wangu. Akasema, "Safari hii zitazame karata zako zote. Mengine niachie mimi."

Tukafika Lamadi, tukakaa, wawili kwa wawili, kila mtu akimkabili mwenza wake. Karata zikagawiwa, turufu ikawa kopa. Ndipo shemeji akafungua kikapu akatoa kofia yako, ile ya kahawia iliyoliwa na panya ukingoni. Akaivaa. Akaivuta kidogo upande wa kushoto, kama wewe.

Malimi... machozi yakanitoka mbele za watu. Karata zilikuwa nzuri, nikalia. Zikagawiwa tena, mbovu kabisa, nikalia vilevile. Upande wa Lamadi kulikuwa na bwana mmoja mnene, muuza dagaa, akawa ananitazama, anamgeukia mwenzake, ananitazama tena. "Jamani, huyu mzee ana nini mkononi?" Mwenzake akamjibu, "Ana msiba." "Msiba wa karata au wa mtu?" Hawakujua. Na mimi sikuwa nimewaficha kitu.

Mzunguko wa mwisho tulikuwa sawasawa, turufu ikiwa tena kopa. Nilibaki na karata mbili, moja ni kopa ndogo. Nikaitazama, nikaitazama kofia, nikajifuta kwa kiganja. Yule bwana akaamini sina kitu. Akaibamiza mezani ree ya shupaza, karata yake kubwa: "Mpeni mzee leso!" Shupaza sikuwa nayo hata moja. Nikaiweka kopa yangu juu yake polepole, kama mtu anayetoa sadaka.

Watu walipiga kelele mpaka mbuzi wa zawadi akakata kamba. Na shemeji akacheka. Kile kicheko chake cha zamani, cha kuinama na kupiga mapaja, mpaka kofia ikaanguka. Sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Mbuzi tulimla palepale pamoja na hao Lamadi. Nilichorudi nacho Zagayu ni kile kicheko.

Njiani nikamuuliza kama kofia aliibeba makusudi. Akasema, "Shemeji, wewe hukudanganya mtu. Kama dhambi ipo ni yangu, na nimeshamweleza Mungu." Nami nimeliombea jambo hilo. Moyo umetulia.

Sasa anatoka. Jumapili iliyopita amerudi kwaya, amesimama mstari wa mbele. Lamadi wametuma salamu, wanauliza mwakani nitakuja nalia au nacheka. Hata mimi sijui! Juzi kwenye mazoezi aliivaa tena kofia, nikasubiri machozi, kikaja kicheko.

Basi pumzika, ndugu yangu, mpaka Bwana atuite sote kwa majina. Karata nimezishusha kabatini. Nakuahidi kiti chetu hakitakaa wazi, na shemeji hatajifungia tena ndani, maadamu nina pumzi na uso huu nilionao.

Mwenza wako,
Zakaria