Dada, Mimi Ndiye Niliyemwonyesha Njia

Dada yangu Minza,

Nakuandikia jambo nililopaswa kulisema msibani kwako, miaka sita iliyopita, mbele ya watu wote. Nilinyamaza.

Unakumbuka watu wa Buseresere walivyokucheka? Mwanamke mwenye meza yake ya vitenge sokoni anaacha pikipiki, anapanda mlima kwa miguu na furushi kichwani, kwenda kuwauzia akina mama wanaopika machimboni. Wewe ulipenda mlima, basi. Ulisema kule juu hakuna anayekuita jina. Lakini hukuwa mjinga. Kila baada ya mwendo ulisimama ukajifanya unafunga kanga upya, kumbe unaangalia nyuma. "Mpita njia atakupita," uliniambia. "Anayekufuata atasimama na yeye." Ukiulizwa uko na nani, ulijibu kwamba mumeo anakuja nyuma, na mumeo tulishamzika kule Mhunze zamani. Siku moja ulinisimulia ulivyomwambia mzee mmoja kwamba mumeo amesimama kichakani kuchimba dawa, nami nikacheka mpaka nikakaa chini.

Na ulikuwa na sharti moja usilolifanyia mzaha. Mtu mmoja tu ajue njia unayopita, ili usipofika ajue pa kuanzia kukutafuta. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa umeondoka kitambo, mimi nimebaki kwenye meza yako sokoni. Akaja mwanamume nisiyemjua, akavua kofia, akaniamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Kwetu salamu haiishi kwa neno moja. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, nami nikajibu moja moja kama tulivyolelewa. Akasema mkewe anasubiri kitenge ulichomwahidi.

"Minza amepita barabarani?"

"Hapana, baba. Kapita njia ya mlimani."

"Na nani?"

"Yuko peke yake."

Mtu akikuuliza ndugu yako kaenda wapi, unamjibu. Ukificha, unaonekana una neno. Alinishukuru kwa mikono miwili akaenda zake, na nakwambia ukweli, dada, nilimpenda kwa adabu yake.

Walikupata siku ya tatu, chini ya yale mawe makubwa. Vitenge vilitapakaa kwenye nyasi, hakuna hata kimoja kilichoibwa. Wanawake waliokuosha walinitoa nje. Askari aliponiuliza kama kuna mtu aliyekuulizia siku ile, nilisema sikumbuki. Niliikumbuka hata kofia yake. Niliogopa, na kwa ajili ya woga wangu mtu yule anatembea mpaka leo, pengine anasalimia watu vilevile.

Msibani baba mdogo alisema, "Alijitakia. Mwanamke gani anatembea porini peke yake?" Watu wakaguna kukubali. Nami nikaitikia kwa kichwa, dada. Kosa likiwa la miguu yako, basi si la mdomo wangu. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, kuliko hata lile la kwanza, maana la kwanza nilikuwa sijui.

Binti yako Kabula amekuwa mkubwa, bado hajaolewa. Ana mwendo wako, ule wa kutotazama chini. Amepata kazi ya kuwatembelea wakulima wa pamba vijijini, na kuna vijiji ambavyo pikipiki haifiki. Baba zake wadogo wamekataa. Mimi nami nilikuwa upande wao. Wiki nzima nilikuwa nikimwambia, "Unataka kufa kama mama yako?" Nilikutumia wewe kumtisha mwanao.

Jana asubuhi aliweka kikombe chini akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, mama alikosea nini? Niambie, ili mimi nisikosee hilo."

Nilianza kusema habari za pori na wanaume wabaya. Kisha nikamwangalia, nikashindwa. Nikamwambia, "Mama yako hakukosea kitu. Alifanya yote yanayofanywa na mtu mwenye akili." Nikamweleza habari ya mwanamume yule, na nilichomjibu, na nilichomwambia askari. Sikujitetea.

Hakulia. Akaingia ndani, akatoka na mkoba na viatu vyake vya kutembelea. Akavifunga kamba pale pale mlangoni, amenipa mgongo. Nikamwambia sitamzuia tena. Nikamwuliza anaelekea kijiji gani na anapita njia ipi, ili mtu mmoja ajue.

Akasimama. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa barabarani.

"Mume wangu anakuja nyuma," akasema, akaondoka.

Huu ni usiku wa pili, hajarudi. Nikitaka kwenda kumtafuta, sijui pa kuanzia. Pumzika, dada, kama unaweza. Mimi nimekaa mlangoni.

Mdogo wako.