Wanaosubiri Mwisho Mferejini

Jumatatu, 7 Julai
Mferejini tena, na saa yangu mkononi. Kamati ya maji hapa Muyeye inataka kujua kama mfereji mmoja wa bomba unatosha, au ule ulioharibika utengenezwe. Wameniomba mimi kwa kuwa nilifundisha hesabu. Nimepanga muda wa kila mtu wa kusubiri foleni kuanzia mfupi hadi mrefu, nikachukua wa katikati. Nusu saa. Nimeipeleka.

Alhamisi, 10 Julai
Kamati imeamua mmoja unatosha. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu. Nilifurahi sana.

Jumamosi, 12 Julai
Jirani yangu Kadzo, muuza mahamri, leo hakukanda unga. Tena. Maji hukatika kabla zamu yake haijafika. Aliniuliza, bila ukali, kama kwenye hesabu yangu alikuwemo.

Alikuwemo. Lakini hata akisubiri kutwa, namba ya katikati haisogei.

Zamani, tulipoondolewa kwenye ardhi yetu, tuliambiwa familia zetu ni chache, hazibadilishi hesabu. Nimeyarudia maneno yale kwa kalamu yangu mwenyewe. Aibu.

Jumapili, 13 Julai
Nimehesabu upya. Wastani wa wote unamyeyusha Kadzo ndani ya wengi. Muda ambao tisa kati ya kumi hawauzidi unaishia mlangoni pa mkia wa foleni, hauingii. Muda mrefu kuliko wote waweza kuwa wa siku moja mbaya tu. Nimechagua wastani wa ile sehemu ya kumi ya mwisho, peke yake. Muda wa saa nne nzima.

Na ni wale wale kila siku. Mzee akifika, hupitishwa mbele. Mgeni hupitishwa. Mwenye msiba hupitishwa. Wake wadogo, kama Kadzo, hurudi nyuma. Siku zote nilizopima, mtungi wangu ulijazwa kwanza.

Jumanne, 15 Julai
Nimeiambia kamati nilikosea, tuupime mkia wa foleni. Mwenyekiti akacheka: "Mwalimu, sasa tupime ng'ombe kwa mkia?" Nikamwambia wanaolala bila maji wako huko mkiani. Kicheko kikaisha. Wataita fundi.

Jumatano, 30 Julai
Mfereji wa pili unatoa maji. Nilisimama nyuma ya Kadzo. Foleni ikajisogeza kando kunipisha, walidhani nimekasirika.

"Mzee, pita," Kadzo akasema. "Ukisimama hapa sisi hatuna raha. Mimi nimeshazoea."

Nilipita. Sikugeuka kumtazama.