Kruzi ya Kaka Bonifasi

Jumanne, 10 Agosti 1999

Leo nimeletewa gari. Mimi, fundi redio! Wateja kibandani wamecheka mpaka nikawanunia.

Ni kaka Bonifasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku keshafungua boneti. Eti wewe Editha si fundi wa nyaya? Nikamwambia za redio, kaka. Akasema waya ni waya.

Gari ndiyo ile aliyonunua kwa kiinua mgongo, shirika lao lilipobinafsishwa na madereva wakapunguzwa. Imetumika Japani, haina klachi. Kwenye usukani kuna kitu wanaita kruzi: ukifikia spidi unayotaka unabonyeza, unatoa mguu, gari inaushika mwendo yenyewe mpaka ukanyage breki. Ajabu! Ila ya kwake inashika, halafu inaachia.

Jumamosi binti yake Felista anaolewa Issuna. Kaka ameapa kumpeleka mwenyewe mpaka mlango wa kanisa. Miaka ishirini na sita nimeendesha viongozi, anasema, mwanangu aendeshwe na nani? Lakini mguu wa kulia siku hizi unachoka. Kwa hiyo kruzi ipone kabla ya Jumamosi.

Nimekubali. Nilikuwa nakufa kwa hamu ya kuona ndani kuna nini, nijidanganye ya nini.

Jumatano, 11 Agosti

Kitabu cha gari chote Kijapani. Naangalia picha kama mtoto wa chekechea.

Ila nyaya hazina lugha. Nimelala chini ya dashibodi na mita yangu, miguu nje, wapita njia wakiuliza nani kagongwa. Nimegundua hivi: waya wa taa za breki unapita pia kwenye kruzi. Taa ya breki ikiwaka, kruzi inaachia. Akili hiyo!

Basi nikazunguka nyuma — taa za breki zinawaka na kuzima zenyewe, na hakuna mtu ndani! Nikarudi kwenye pedali. Kile kiplastiki kinachobana swichi ya breki kimesagika, unga mtupu. Kila ikitikisika, gari inadhani imekanyagwa breki.

Nimechonga kirungu cha kupandishia sauti cha redio mbovu, nikakichomeka pale. Kimekaa barabara! Taa zimezima. Nilipiga kigelegele peke yangu.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimekwenda kujaribu na fundi Antipasi wa gereji ya jirani, njia ya Mtinko, greda limepita juzi. Spidi hamsini, akabonyeza. Gari ikashika! Antipasi akainua miguu yote miwili kwenye kiti, anacheka, anasema Editha tunaendeshwa na jini. Nikamwambia shusha miguu, kuna mbuzi mbele. Kugusa breki tu, ikaachia. Safi kabisa.

Jioni kaka kaichukua. Nikampungia mkono kwa maringo, fundi mzima.

Baada ya nusu saa huyo, amerudi. Inaachia vilevile.

Haiwezekani!

Ijumaa, 13 Agosti

Sikulala vizuri, nawaza swichi. Kwa Antipasi inashika, kwa kaka haishiki. Gari inamjua mwenyewe?

Asubuhi nimechukua kitaa kidogo cha redio, nikakiunga kwenye waya wa breki, nikakificha kwenye mkoba wangu nikione mwenyewe tu. Sikutaka maswali mengi. Kaka akaendesha, njia ileile. Hamsini, akabonyeza, ikashika. Tumepita nyumba tatu hivi. Kitaa kikawaka.

Nikauliza, kaka, umegusa breki? Sijagusa. Mguu uko wapi? Uko chini, sakafuni, umepumzika.

Nikainama. Kiatu chake kiko juu ya pedali ya breki. Kimekaa pale kabisa. Naye anatazama barabara, anapiga mluzi.

Nikauliza tena, nikidhani anatania. Akakasirika: Nimesema sakafuni! Kwani mguu ni wako?

Nikamwambia labda waya umelegea. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafurahi! Akasema nilijua tu, kumbe ni waya.

Nimekwenda kwa wifi Martina. Nilipomuuliza habari za mguu akafunga mlango kwanza. Mwezi uliopita kaka alikanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kuongea. Wifi ndiye aliyesikia harufu. Na dawa za sukari ameziacha, eti zinamchosha. Wifi analia, anasema mwambie wewe, mimi hanisikii.

Hii kazi nilikuwa naifurahia. Sasa naogopa. Kama hujui mguu uko wapi, siku ya kukanyaga breki kwa nguvu utaukuta wapi? Na Felista ndani.

Jumamosi, 14 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Nimelala hapa kwa kaka, wanawake wamejaa nyumba nzima. Felista keshasukwa, anang'aa.

Alfajiri nilikwenda kwenye gari nikachomoa waya wa koili, ule wa cheche, bila huo injini haiwaki. Upo hapa kwenye pochi yangu. Antipasi nimempigia hodi, amekubali kuwaendesha kwa gari hiihii, waya nitampa yeye, anavaa. Sijamwambia kaka. Mwoga mkubwa mimi! Nyaya nazifungua bila kutetemeka, kaka yangu namwogopa.

Nasikia anaiwasha. Inakoroma, haishiki. Tena. Tena.

Ameniita toka kwenye gari, namwona hapa dirishani. Editha! Fundi wangu! Gari haiwaki, njoo na mita yako, tusije tukachelewa harusi! Sauti haina hata chembe ya wasiwasi. Ananiamini.

Sasa anakuja mwenyewe, anakatiza uani, bado hajavaa viatu vya harusi, yuko na ndala. Anatabasamu. Ndala ya kulia imemvuka pale kwenye kokoto karibu na karo, imebaki. Yeye anakuja tu, mguu mtupu juu ya kokoto, ananyosha mkono kunisalimia —