Mstari Niliouruka

Jumatatu, 22 Novemba 2021

Allan hakulala mchana. Meno. Nimeshona sketi tatu za shule kwa mkono mmoja, mwingine umembeba. Watu wameanza kuleta oda mapema, maana shule zinafunguliwa Januari. Karibu miaka miwili watoto wako nyumbani, hakuna sare hata moja inayowaingia. Nimempima msichana aliyekuwa ananifika kiunoni — sasa ni begani.

Sista Carol wa kituo cha afya alipita. Kesho wanaleta chanjo mpya ya Korona, ile wanayoiita mRNA. Anataka mtu wa kutafsiri kwenye kipaza sauti. Yeye ametoka mbali, Kiswahili chake kinakwama, Kisamia na Kiteso hana kabisa. Mimi ninavyo: Kiteso cha kwetu Molo, Kisamia cha ndoa, Kiswahili cha mpakani. Nikamwambia nina mtoto mchanga. Akasema njoo naye.

Mangeni angecheka. Mke wake na kipaza sauti! Yuko upande wa Kenya, anapakia malori, atarudi mwisho wa wiki.

Jumanne, 23 Novemba

Vikao vinne. Miguu si yangu.

Carol ana karatasi ya wizara, Kiingereza, mistari saba. Yeye anasoma, mimi natafsiri. Kikao cha kwanza, sokoni, tulikwama mstari wa pili. mRNA ni maelekezo, mwili unayasoma, unatengeneza kipande cha kirusi, kinga inakijua. Nikatafsiri hivyo hivyo. Watu wakatazamana. Hata mimi sikuelewa nilichosema.

Basi nikasema subirini. Mnajua ninavyoshona. Kwanza nakata mfano wa karatasi ya kaki. Kitambaa changu, cherehani yangu — karatasi inanionyesha tu nikate wapi. Nikimaliza imechakaa, nawashia jiko. Sindano hii inaleta karatasi. Mwili wako unashona nguo ya adui, nguo tupu, adui mwenyewe hayumo. Askari wa mwili wanaikariri. Akija siku moja amevaa ile nguo, wanamjua toka mlangoni. Na karatasi inaoza siku chache. Haimgeuzi fundi.

Carol akaniuliza umeipata wapi hiyo. Sikuipata popote. Ndiyo kazi yangu.

Ofwono wa kutengeneza simu akapaza sauti toka kibandani: "Wee fundi! Kwani tumbo langu lina cherehani?" Soko zima likacheka. Nikamwambia linayo, ya kushona uongo. Wakacheka zaidi. Akaja na video yake, mzungu wa koti jeupe, eti karatasi haiozi, inaingia kwenye mbegu ya mtu, wajukuu watazaliwa wengine. Halafu akauliza jambo ambalo halikuwa mzaha. "Na fundi akikosea kupima, je?"

Nikamtafsiria Carol. Akasema mwambie ni salama. Nikasema yeye anauliza ikikosea. Akasema Mama Allan, fupisha, watu wakisikia maneno mengi wanaogopa. Nikamwambia Ofwono ni salama. Akanitazama. Alijua sijamjibu.

Kikao cha nne Buteba, uwanja wa kanisa, saa tisa. Jua! Allan analia mgongoni, maziwa yamelowesha blauzi yote. Mama mkwe wangu, Mama Teopista, kiti cha mbele kabisa, gauni lake la heshima, gomesi ya bluu, anaitikia kila neno. Nilimsikia akimwambia jirani: "Huyo ni wa kwangu. Mwana wangu alichagua."

Mstari wa saba unasema: kinga huanza kama wiki mbili baada ya sindano, dozi ya pili ni lazima, barakoa iendelee. Vikao vitatu niliusema. Cha nne nikasema asanteni, karibuni kwenye foleni. Carol akakunja karatasi. Naye alichoka.

Mama alichomwa wa pili. Mimi wa mwisho, Allan akiwa kwenye titi.

Ijumaa, 26 Novemba

Mkono unauma kidogo. Maziwa yako sawa.

Mama alipita asubuhi kuchukua blauzi niliyompunguzia. Kesho ana harusi Kiyeyi, kwaya yao inaimba. Nikamuuliza barakoa iko wapi. Akapiga mkoba: "Iko humu. Ya nini tena? Si nimeshachomwa? Wewe mwenyewe umesema askari wameshaizoea nguo!" Akacheka na meno yote. Akambeba Allan, akamwimbia, akampulizia tumboni mpaka akachekelea.

Nilikuwa na kaptula sita za kukata. Nikasema nenda salama, Mama.

Alhamisi, 2 Desemba

Mama ana homa. Anasema ni uchovu wa harusi. Nimepeleka uji. Alikunywa nusu.

Ana sukari, huyu. Miaka mingi sasa.

Ijumaa, 3 Desemba

Carol amempima. Ni Korona. Mama akasema haiwezekani, nimechanjwa. Carol akamweleza — wiki mbili, dozi ya pili. Mama akaniangalia mimi. Hakunilaumu. Aliniangalia kama mtu anayengoja nimtafsirie.

Nikatafsiri.

Jumatatu, 6 Desemba

Tumemhamishia Tororo. Pumzi fupi. Mangeni amekuja toka upande wa pili. Haturuhusiwi kuingia wote, anaingia mmoja, yeye. Mimi nimekaa nje na mtoto chini ya paa la kufulia. Kuna mwanamke anafua shuka, ananiuliza mgonjwa wako ni nani. Nikasema mama yangu.

Jumatano, 8 Desemba

Oksijeni. Nimeshona vifungo.

Jumapili, 12 Desemba

Mama amefariki leo asubuhi.

Jumanne, 14 Desemba

Tumezika. Watu wachache, haraka, waliovaa nguo za plastiki ndio waliobeba. Kwaya iliimbia barabarani, nje ya boma.

Sijalia. Watu wameona. Nilipika, nikaosha, nikanyonyesha. Wifi yangu Phiona, binti wa mwisho wa Mama, ametoka Busia ya Kenya. Yeye alilia kwa wote.

Nyuma ya jiko wanawake wanasema ni sindano. Hawashushi sauti nikipita. Mmoja akasema karatasi ilimbakia ndani. Mfano wangu huo, wanautumia.

Jumatano, 15 Desemba

Jumamosi ni siku ya kunyoa wafiwa, kumaliza matanga. Ukoo unakaa, ugonjwa wa marehemu unasimuliwa toka mwanzo mbele ya wote, asibaki mtu na shaka. Wazee wameamua niandike mimi, na nisome mimi. Mwandiko wangu mzuri, tena mimi ndiye niliyemuuguza mwanzoni. Mangeni atasimama pembeni yangu, kama kifungua mimba.

Jumanne inayofuata ni dozi ya pili, uwanja ule ule. Watakaokuwa kwenye matanga ndio hao hao.

Phiona amekaa na mimi nikimenya ndizi. Akasema, "Mulamu, wifi yangu, usihangaike, ni fupi. Alikuwa mzima. Akachomwa. Akafa. Andika hivyo tu."

Nikasema kipimo kilisema Korona.

"Niambie basi. Alikuwa mzima ama hakuwa? Alichomwa ama hakuchomwa? Neno gani hapo ni uongo?"

Hakuna. Nimelitafuta mchana kutwa. Hakuna hata neno moja la uongo.

Mimi nami sikusema uongo pale uwanjani.

Kabla hajaondoka akaniuliza Jumanne nitachomwa tena na maziwa haya ninayompa mtoto. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi una roho ngumu." Alisema taratibu, bila ubaya. Halafu akambeba Allan ili nimalize ndizi.

Alhamisi, 16 Desemba

Nilikwenda kituoni mwenyewe. Nikamwambia Carol nitakachoandika: kwamba sindano haikumuua, kwamba ugonjwa aliupata kabla kinga haijaanza. Akasema vizuri sana, sema hivyo. Nikamwambia kuna na lingine. Nitasema pia kwamba mstari wa wiki mbili, Buteba haukusomwa. Niliuruka mimi.

Akafunga mlango.

Akasema usifanye hivyo. Ukisema mliwaficha kitu kimoja, watauliza mmewaficha vingapi. Jumanne hakuna atakayekuja. "Na asiyekuja akifa Januari, yeye utamwandika wapi?"

Ni swali zuri. Nimekaa nalo njia nzima.

Nikamuuliza yeye, siku ile aliona nimeuruka? Alipanga maboksi ya glavu, akayapangua, akayapanga. Akasema, "Niliona." Halafu, "Nilitaka kwenda nyumbani, Mama Allan." Macho yake mekundu. Ana umri kama wangu, sikuwahi kufikiria hilo. Juu yake ukutani kuna bango jipya la wizara. Mstari mmoja tu, herufi kubwa: CHANJWA, UWE SALAMA.

Nikarudi. Ofwono alinisimamisha kibandani. Nikadhani ananitafutia maneno. Hapana. Akasema pole fundi, mama yule alikuwa ananikaripia kila akija kuchaji simu, nimemkosa. Akasema pia bado hajajibiwa swali lake. Nikamwambia: ndiyo, fundi hukosea. Wachache sana huumia na sindano, inatokea, kadi ya chanjo yenyewe inasema ukiona kifua kinauma rudi haraka. Lakini Mama hakufa hivyo. Alikufa na ugonjwa wenyewe, kwa kudhani ameshakingwa.

Akafikiri. "Sasa hayo si ungesema siku ile?"

Ningesema.

Ijumaa, 17 Desemba

Nimeandika. Kurasa mbili za daftari. Nimeandika sukari yake na mwaka ilipoanza. Nimeandika sindano, tarehe. Nimeandika harusi — bila jina la wenye harusi, wao hawana kosa. Nimeandika homa, kipimo, Tororo, siku sita. Hadi hapo mkono ulienda wenyewe.

Halafu nimeandika: "Siku ya chanjo hapa Buteba, mimi ndiye niliyetafsiri. Mliambiwa chanjo inakinga. Hamkuambiwa kwamba inachukua wiki mbili, wala kwamba dozi ya pili ni lazima, wala kwamba barakoa iendelee. Maneno hayo yalikuwepo kwenye karatasi. Niliyaruka. Siku tatu baadaye Mama aliniambia anakwenda bila barakoa, nikanyamaza. Jumanne mimi nitakwenda dozi ya pili. Anayetaka kuuliza, aniulize hapa, leo."

Nimesoma mara nne. Natafuta mahali pa kulia, sipapati. Nasoma kama orodha ya vipimo — kifua, kiuno, urefu.

Sijamwambia Mangeni. Wiki tatu. Mwanzoni nilisema Mama akipona nitamwambia. Halafu nilisema tukishazika. Yeye anajua nilitafsiri, anajivunia. Pale kwenye maziko alimwambia mjomba wake, mke wangu ndiye aliyemfanya Mama akubali sindano, hakuogopa. Alisema kunitetea! Nilikuwa nimeshika sinia, nikalishika zaidi.

Leo mchana nilifungua mdomo. Alikuwa anamwogesha Allan kwenye beseni, mwenyewe, mikono mikubwa, maji yanamruka usoni, anacheka kwa mara ya kwanza toka Jumapili. Nikaufunga.

Nimejua sasa hiyo ni tabia yangu. Sisemi uongo. Nanyamaza tu mahali panapofaa mtu aseme.

Kesho asiisikie na watu. Haitakuwa haki. Nitampa aisome kwanza.

Jumamosi, 18 Desemba

Asubuhi. Nimenyonyesha, naandika hapa gotini, Allan kasinzia. Watu wameshafika wengi. Wembe na maji viko kwenye mkeka. Carol amekuja, bila sare, ameketi na wanawake. Hakuniangalia. Phiona ndiye anayepanga viti, ameniuliza, "Umeandika tulivyosema?" Nikasema nimeandika yote. Akanipapasa mgongo.

Nimempa Mangeni kurasa. Akasema ya nini, si nitaisikia huko nje. Nikasema soma kwanza, baba Allan. Soma mpaka mwisho. Ukisema nisisome huko nje, nitasoma. Lakini usome kwanza.

Akanishangaa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo inatembea. Ukurasa wa kwanza alitikisa kichwa mahali pa sukari — mwaka nimeukosea, akasema, ni mwaka aliozaliwa Phiona. Nikasahihisha juu yake.

Amegeuza ukurasa.

Nje wanaita. Phiona anasema wazee wameketi, mchungaji anataka kuanza. Nimesema tunakuja.

Kidole kimesimama kwenye "Niliyaruka". Kimerudi nyuma, mwanzo wa mstari. Kimesimama tena pale pale.

Sisemi kitu, na sasa hivi sijui kama huku ni kumngoja au ni ile tabia. Nimesema, "Mangeni."

Hajainua uso.