Mtandao wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Vipimo vya miti ya msitu wa Masako, jedwali la tatu ambalo profesa analisubiri. Nilikuwa kwenye safu ya mwisho mke wangu, Mama Gloria, alipoingia na simu mkononi, picha imeganda tena. Akiudhika anakusimamia tu kichwani. Mdogo wake Dieudo yuko Brazil, amepata binti. Mtoto hana jina mpaka leo. Kwao, watu wa mto kutoka Isangi, jina la mtoto wa kwanza linatoka kwa nyanya, na nyanya huyu hatoi jina kabla hajamsikia mtoto analia. Picha hataki. Sauti iliyorekodiwa hataki pia, anasema hiyo ni sauti ya jana. Ofisi ya huko ya kuandikisha watoto imempa Dieudo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Nyanya mwenyewe ni mama mkwe wangu. Anakaa chumba cha nyuma, mwisho wa kiwanja, hatua thelathini na mbili kutoka sebuleni. Sebuleni mtandao unakimbia. Kwake, sifuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike hili mara moja, nisikasirike mara mbili. Siingii chumbani kwa mama mkwe. Yeye haingii sebuleni kwangu. Miaka kumi na sita tunasalimiana kwa mbali, yeye akiangalia chini, mimi nikiangalia ukuta. Ndiyo heshima, sikuianzisha mimi.

Mwaka jana alianguka akavunjika nyonga. Tangu hapo hatoki bila watu wawili. Tulipendekeza majirani wambebe hadi sebuleni. Akakataa. Nikatuma neno kwamba nitaondoka nyumbani siku nzima. Akakataa zaidi: mtu hafukuzwi kwake kwa sababu ya simu. Na mega za simu, yaani mtandao wa laini, hazifiki chini ya mabati yale.

Basi mtandao ndio utembee.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimenunua répéteur, kidude cha kudaka mtandao wa sebuleni na kuurusha mbele. Muuzaji, mzee mmoja wa mtaa wa Makiso mwenye miwani shingoni, wote wanamwita tonton, aliapa kinavuka kuta tatu.

Nimesimama nje ya dirisha la mama mkwe, uso nimeugeuzia shambani, namwelekeza mke wangu kwa sauti. Soketi ni moja tu, kona ya nyuma, juu ya kimeza. Chomeka. Bonyeza. Subiri. Taa ya bluu ikawaka na Dieudo akaonekana mpaka meno. Mtoto alikuwa amelala. Tukaahidiana kesho.

Nimejisifu kidogo wakati wa chakula. Nilistahili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Jana hakuna kitu. Leo hakuna kitu. Mke wangu anaapa taa inawaka. Kule Brazil mtoto amelia mpaka akachoka, huku tunapata nusu ya pua, sauti hakuna.

Nimerudi Makiso. Tonton anasema ukuta wangu lazima una vyuma. Ukuta wangu ni wa tofali za udongo. Nilizifyatua mwenyewe, nikazichoma mwenyewe. Nimemwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu kuta.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimehamisha modemu kwenye dirisha la jikoni, ikaribie nyuma. Sasa sebuleni ndiko hakuna mtandao, na kwa mama mkwe hakuna vilevile. Jedwali la Masako halijaenda. Profesa ameandika mara mbili, mara ya pili bila salamu. Moshi wa kuni umeifanya modemu nyeusi kama sigiri.

Nimezunguka chumba kile kwa nje na simu juu, kama mtu anayetafuta nyuki. Mlangoni alama moja. Ukutani hakuna. Majirani wananiangalia. Nimechoka, na nina hasira na watu wote wa kiwanja hiki, na yule mtoto nimemjumlisha.

Mke wangu anasema nikipiga kelele dirishani mama yake anasikia kila neno. Asikie.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimejua.

Jioni nilimwomba mke wangu anisomee namba zilizo chini ya répéteur. Nilikuwa dirishani kama kawaida. Akasema, bila wasiwasi wowote:

“Ngoja, nitoshe kwanza sufuria.”

Sufuria gani ya kutoa? Ile kubwa ya aluminiamu, ya kupikia watu wa matanga. Mama mkwe ameifunikiza juu ya répéteur tangu Ijumaa asubuhi, waya umepita chini ya ukingo. Hata wakati wa kupiga simu haikuondolewa. Mke wangu aliiona kila siku. Hakujua kama chuma kinaziba mtandao, na mimi sikuuliza. Siku nne naulaumu ukuta.

Nikauliza kwa nini afunike. Nikauliza tena, na ndipo likatoka:

“Manzanza iko inavuja pale. Mama alikataza nisikuambie. Bokilo hawezi kulalamikia nyumba ya bokilo.”

Mabati yanavuja, na mkwe hawezi kumlalamikia mkwe! Tangu lini? Tangu mvua za mwaka jana. Kila mvua anatega sufuria pale konani. Safari hii alipoona mkwe wake amemletea kitu cha thamani, akakifunika kisilowe.

Nimemgombeza mke wangu kwa kuficha, kisha nikakumbuka. Mwaka jana mama mkwe aliteleza konani hapo hapo. Tulisema ni uzee. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema.

Nina aibu. Hakuna neno jingine.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Fundi wa mabati hapandi kwenye maji. Ijumaa ni kesho. Sufuria ikiwepo, mtandao hakuna. Sufuria isipokuwepo, répéteur inakunywa maji na umeme unamfikia mama kitandani. Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Mvua haikunisikiliza.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa nane mchana, mvua ileile. Nimeazima turubai kwa jirani na kupanda mwenyewe. Mabati yanateleza na yana kutu, nimechanika goti. Nililitafuta tundu kwa vidole. Dogo, haliingizi hata kidole gumba. Nikatandaza turubai juu yake, upepo ukalinyanyua, basi nikalilalia kwa tumbo.

Chini mke wangu akaondoa sufuria. Nilisikia simu ikiita, kisha sauti ya Dieudo. Kisha mtoto. Alikuwa analia kwa nguvu za mtu mzima mwenye madai. Mabati yalikuwa yanapiga ngoma mwilini mwangu kote, maji yananiingia shingoni, na nikaogopa mama mkwe hatamsikia kwa kelele zile.

Mtoto akanyamaza ghafla. Nikajua mtandao umekatika. Nilitukana, na nilitukana nikiwa futi chache juu ya kichwa cha mama mkwe wangu, Mungu anisamehe.

Haukukatika. Mke wangu amenieleza nilipokuwa najikausha: mtoto alisikia mvua ya bati kwa mara ya kwanza, akatoa macho, akatulia kuisikiliza. Nyanya yake akamwangalia muda mrefu. Akamwita Mbula. Mvua, kwa lugha ya huku mtoni. Dieudo alikimbia ofisini papo hapo.

Kwa hiyo mtoto wa watu huko Brazil amepewa jina la aibu ya paa langu. Nimekwenda kulala mapema, bila kula.

Jumapili, 19 Oktoba

Fundi alikuja jana, mvua ilipopumzika. Mabati manne mapya upande ule. Modemu imerudi sebuleni, nimeifuta moshi. Jedwali limekwenda.

Leo baada ya misa mvua imenyesha tena, nyepesi. Dieudo alipiga simu, akamuuliza mama yake kwa nini jina lile, maana watu wa kule wanamuuliza na hana jibu. Mke wangu alikuwepo. Amekuja kuniambia alichojibu mama:

“Juu siku ile mvua ilinyesha, na miye nilikuwa mukavu.”

Nimemwomba mke wangu ampelekee chai, kisha nikaketi kibarazani kunywa yangu.